Mapigo Saba, na Watu Wakacheza

Bendi yetu hupiga kwenye hoteli za ufukweni hapa Bagamoyo, na mimi ndiye mpiga besi. Kazi ya hotelini haichagui. Mgeni akituma kikaratasi chenye jina la wimbo, bendi iupige, na papo hapo wenyeji waliotoka Dunda na Magomeni kuja kupunga upepo wasijione wametupwa nje ya shughuli. Usiku huanza na zilipendwa za dansi, ukapita kwenye Bongo Fleva, ukaishia kwenye roki ya Kiingereza ya miaka ya 1970. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa jibu la swali ambalo nimelisikia wanamuziki wakibishania tangu nikiwa mwanafunzi: je, roki ya progresivu na pop zinaweza kukaa ndani ya wimbo mmoja, au moja ikiingia nyingine lazima itoke?

Nashikilia kwamba zinaweza. Ila wengi wanaosema zinakutana huonyesha mahali ambapo sipo zinapokutania, na mjadala ukishaanzia hapo haufiki popote.

Kwa ambaye hajausikia muziki huu, roki ya progresivu ilichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1969, na katika miaka hiyo hiyo wakavuma Yes, Genesis, Jethro Tull na Emerson, Lake & Palmer. Vijana hawa walitaka nafasi kubwa kuliko ile ya wimbo wa dakika tatu. Walichota kwenye muziki wa klasiki wa Ulaya na kwenye jazi, wakarefusha nyimbo, wakabadilisha hesabu ya mapigo wimbo ukiwa njiani, wakakipa kinanda cheo sawa na gitaa. Mwaka 1972 Genesis walirekodi wimbo mmoja wa dakika zipatazo 23, ukajaza sehemu kubwa ya upande wa pili wa santuri. Pop kwa upande wake ni wimbo mfupi, kiitikio kinachorudi, mwimbaji mbele, na redio ikingoja. Ukiziandika hivyo ubaoni zinaonekana haziwezi kusalimiana.

Sisi wa Bagamoyo tuna sababu yetu ya kuujua muziki huu. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefundisha Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa, aliimba na kupiga zeze na ilimba mpaka sauti yake ikafika Ulaya na Marekani. Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ndiyo iliyotoa baadhi ya kazi zake, na mwaka 2002 ikatoa albamu aliyoifanya na Michael Brook, mpiga gitaa kutoka Kanada. Mzee alifariki mwishoni mwa mwaka uliofuata. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, Zawose Queens, wametoa albamu yao kwa kampuni hiyo hiyo. Na huyo Peter Gabriel ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Genesis mpaka mwaka 1975, yaani sauti inayosikika kwenye ule wimbo wa dakika 23 ni yake. Mwaka 1982 yeye na wenzake walipoandaa tamasha la kwanza la WOMAD, wakileta wanamuziki wa pande zote za dunia, walibaki na madeni makubwa, na Genesis walikutana naye tena jukwaani kwa usiku mmoja ili kusaidia kuyalipa. Nalipenda sana tukio hilo. Bendi ya progresivu ilisimama ili ngoma za watu wengine zipate kuendelea kusikika.

Kwa hiyo mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Uingereza, alipotuomba wimbo wa kwanza aliotoa Gabriel baada ya kuondoka Genesis, niliupokea ule mwito kama heshima. Ni "Solsbury Hill", wa mwaka 1977, unaohusu huko kuondoka kwenyewe. Tulimwomba atuachie mpaka kesho yake.

Mazoezini, mpiga tumba wetu alisikiliza mara moja, akakunja uso. "Dada, huu wimbo una kigugumizi."

Alikuwa amesikia sawasawa. Wimbo ule unakwenda kwa mapigo saba. Masikio yetu, kwa dansi, kwa Bongo Fleva, kwa reggae, yamezoea manne, na manne mengine yakifuata yanakuwa nane. Hapa pigo la nane halipo. Ukilingoja, wimbo umeshaanza mzunguko mwingine.

Nikaanza kumhesabia kwa vidole, moja mpaka saba. Akanikatisha. "Usinihesabie. Niimbie." Huyu hajakaa darasa la muziki. Amelelewa na mdundiko, akifuata ngoma za Wazaramo mitaani tangu utotoni. Nikamwimbia mstari wa gitaa, kisha mstari wa mwimbaji, yeye macho kafumba na kiganja juu ya ngozi. Akaacha mizunguko kadhaa ipite bila kugusa kitu. Kisha akaingia, na hakutoka tena. Nilipomuuliza anaushikaje alisema anangoja mwimbaji amalize neno lake, basi. Neno likiisha, yeye anafungua jingine. Hesabu ya saba imo, lakini imebebwa na sentensi.

Usiku ule watu walicheza. Sizungumzii yule mama peke yake na wenzake waliokuwa wakiujua wimbo. Namaanisha wahudumu, madereva wa bajaji waliokuwa nje ya ua, na familia ya watu wa Kaole iliyokuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa mtoto. Mguu haujali saba. Mzunguko wa kwanza ukianza na mguu wa kulia, wa pili utaanza na wa kushoto, wa tatu unarudi kulia, na anayecheza hajui kwamba kuna kilichobadilika. Mhudumu mmoja ndiye aliyetaja jambo baadaye, akiwa anakusanya chupa: "Wimbo mtamu, ila kama una haraka hivi. Kila mara unawahi."

Maneno yake yamenifundisha kuliko kurasa nyingi. Pigo linalokosekana linasikika kama haraka, na wimbo ni wa mtu anayeondoka mahali alipopazoea, moyo ukimwenda mbio. Saba ile inafanya kazi ya pop kabisa, inampa msikilizaji hisia kabla hajaelewa neno hata moja. Na bado ni saba, ni mazoea ya progresivu yaliyotoka na Gabriel kwenye bendi yake ya zamani. Mwishoni mwa kila kiitikio kuna mizunguko michache ya mapigo manne, wimbo unavuta pumzi, kisha unaondoka tena. Hapo hakuna aina moja iliyoikaribisha nyingine kwa muda. Ukiondoa ile saba, wimbo wenyewe haupo.

Rafiki yangu mpiga kinanda hakubali. Yeye ni mpenzi wa progresivu wa damu, ana mahaba na vinanda vya miaka ile ambayo hayana mfano. Hoja yake ni kwamba historia imeshatoa hukumu: kila bendi ya progresivu iliyoigusa pop iliacha kuwa progresivu. Ananitajia mwaka 1986. Genesis, wakiwa na Phil Collins kama mwimbaji, walifika namba moja Marekani kwa "Invisible Touch", na wimbo uliowang'oa hapo juu ulikuwa "Sledgehammer" wa Peter Gabriel. Waliokuwa bendi moja, wakiimba hadithi za dakika 23, sasa wanapokezana kilele cha chati kwa nyimbo za kuchezea. "Hapo wapi progresivu, dada? Nionyeshe."

Simuonyeshi, kwa sababu hapo haipo, na nampa haki yake. "Invisible Touch" ni wimbo wa pop uliopigwa na watu waliowahi kupiga progresivu. Historia ya mtu haiingii kwenye wimbo kwa sababu tu mtu ni yule yule. Kosa la mjadala huu, kwa upande wake na kwa upande wa wanaompinga, ni kuhesabu bendi badala ya kuhesabu nyimbo. Mtu anasema, Genesis walikuwa progresivu, kisha wakapendwa na mamilioni, kwa hiyo aina hizi mbili zinakutana. Mwingine anajibu, walipopendwa waliacha, kwa hiyo hazikutani. Wote wawili wanazungumzia safari ya watu. Mimi nataka wimbo mmoja ulio vyote viwili kwa dakika ile ile.

Na nyimbo za namna hiyo zipo. Genesis hao hao, mwaka 1980, walitoa "Turn It On Again". Ina mapigo kumi na matatu, ikaingia kumi bora Uingereza, na mtu anaweza kuiimba bafuni bila kujua kwamba ina jambo lolote la ajabu. Pink Floyd mwaka 1973 walitoa "Money", ambayo inaanza kwa sauti za sarafu na mashine ya fedha zilizokatwa kwenye utepe na kuunganishwa, sauti saba kwa mapigo saba, ikaingia ishirini bora Marekani. Jethro Tull walishafika namba tatu Uingereza mwaka 1969 kwa wimbo wa mapigo matano. Hata kabla yao, mwaka 1967, Beatles walikuwa namba moja na wimbo ambao beti zake zinakwenda kwa saba, na ulimwengu mzima ukauimba kama wimbo wa watoto. Ninasita kwa Yes tu, waliofika namba moja Marekani mwanzoni mwa 1984 na "Owner of a Lonely Heart". Mapigo ni manne yaliyonyooka. Kilichobaki cha Yes wa zamani ni vile vipande vya sauti vinavyochomoza ghafla na kutoweka, kazi ya mtayarishaji Trevor Horn. Siku nyingine nauweka ndani, siku nyingine nje.

Hesabu ya mapigo peke yake haitoshi kuwa kipimo, hilo nimelipata kwa mzee mmoja aliyepiga gitaa la solo kwenye mabendi ya Tanga enzi hizo, na sasa anaishi kwa binti yake hapa Bagamoyo. Tanga haikuwa mji wa kubeza kwa mchanganyiko. Mabendi ya dansi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz yalitokea pale, na Black Star Musical Club wa pale pale ndio walioingiza magitaa na besi kwenye taarab miaka ya 1960, pamoja na mwendo wa kuchezeka, na taarab haikufa. Ikapata masikio mengi zaidi, mpaka ng'ambo ya mipaka yetu.

Nilimpelekea mzee simu yenye nyimbo, nikamwamkia, nikamwomba anisikilizie na aniambie kweli. "Solsbury Hill" aliusikiliza akitikisa kichwa. Kwenye "Money" alitabasamu, akasema mpiga besi wao ana adabu. Nikamwekea ule mrefu wa Genesis. Alivumilia, maana ni mtu wa kusikiliza, na kwake urefu si kitu. Dansi la zamani lilikuwa na sehemu mbili, ya kwanza mwimbaji anasimulia kisa chake taratibu, ya pili chemko, magitaa yanapandana na watu wanainuka, na dakika sita au saba halikuwa jambo la kushangaza mtu. Kinanda kilipoanza kuzunguka chenyewe mwimbaji akiwa kimya, mzee aliweka simu chini.

"Mwanangu, hawa wanajua. Wanajua sana. Lakini mwimbaji wao amekwenda wapi?"

Nikamwambia atarudi.

"Basi nitamngoja. Ila watu wa ukumbini hawamngoji."

Nimelipima swali lake kwenye kila wimbo tangu siku hiyo, na bado sijaona likishindwa. Penye mwimbaji aliyeshika uzi, msikilizaji wa kawaida atapita na wewe kwenye saba, kwenye kumi na tatu, kwenye ghafla zozote unazomtegea. Uzi ukikatika kwa muda mrefu, unabaki na wale wanaopenda ala kwa ajili ya ala, na mimi ni mmoja wao, wala sitaki hata sekunde moja ya zile dakika 23 ipunguzwe. Lakini hapo umeshatoka kwenye pop.

Mwenye mfano mkubwa kuliko yote alizaliwa ng'ambo ya bahari tunayoitazama kila asubuhi. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, aliandika "Bohemian Rhapsody", uliotolewa mwaka 1975. Wimbo una takribani dakika sita, hauna kiitikio kinachorudi, unatoka kwenye wimbo wa majonzi ukaingia kwenye opera, kisha roki nzito, kisha unarudi kimya kimya. Ukiusoma hivyo kwenye karatasi ni progresivu tupu. Ulikaa namba moja Uingereza wiki tisa. Tunapoupiga hotelini, hata wale wasiojua Kiingereza hushika zile sauti za juu. Sauti ya mtu ndiyo inayovusha kila mlango: sehemu inabadilika, lakini binadamu ni yule yule, bado anaungama.

Baada ya hayo niliona sina budi kutunga wetu, kwa Kiswahili, kwa mapigo saba, uimbike na mtu yeyote. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna bendi ya Uingereza ingeweza kunifundisha.

Shairi letu la kawaida ni mizani nane na nane. Kipande cha mizani nane kinakaa kwenye mapigo nane kana kwamba kilikatwa kwa ajili yake. Kwenye saba, mizani ya nane inaangukia mwanzo wa mzunguko unaofuata, na mwimbaji anajikuta anamalizia neno wakati bendi imeshaanza upya. Nikafikiri mizani saba ndiyo dawa. Zilijaa vizuri, lakini wimbo ulisikika umepinda, na mpiga tumba akakunja uso wake ule ule. Sababu ni mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mzunguko wetu wa saba umegawanyika nne, halafu tatu, kwa hiyo ngoma kubwa inapigwa kwenye pigo la kwanza na la tano. Kipande cha mizani saba kinakazwa kwenye ya sita. Sauti ya mwimbaji ilikuwa inasisitiza mahali ngoma imenyamaza.

Jibu likawa mizani sita. "Ngalawa yarudi." "Pwani pana watu." Hesabu mwenyewe: silabi ya tano ndiyo yenye mkazo, nayo inakaa juu ya ngoma, ya sita inafunga neno, na pigo la saba linabaki wazi kwa pumzi. Baada ya hapo sikuwa na haja ya kumwelekeza mtu. Kina mama wanaoitikia kwenye bendi waliupokea kwa kusikia tu, wakaanza kupiga makofi kwenye lile pigo lililo wazi, jambo ambalo sikuliandika popote. Ile haraka aliyoisikia mhudumu ikawa haipo tena. Wimbo ulitulia kana kwamba saba ni za hapa hapa.

Rafiki yangu mpiga kinanda alikaa kimya muda mrefu siku ile, kisha akaniuliza kama anaweza kupata sehemu yake katikati. Nikamwambia ndiyo, ila mzee wa Tanga asije akaniuliza mwimbaji yuko wapi.

Studio tuliyoenda Dar es Salaam walikuwa na maoni mawili. La kwanza, tuongeze pigo la nane ili wasikilizaji wa redio wasipotee. Hilo tulilikataa pale pale. La pili, tufupishe. Hilo tulilijadili kwa utulivu, maana kufupisha si dhambi wala kurefusha si utakatifu. "Money" yenyewe ilifupishwa ilipotolewa kama santuri ndogo Marekani. Na wimbo wa Pink Floyd uliofika namba moja Uingereza na Marekani, "Another Brick in the Wall", ulikuwa na safari ya kinyume: ulikuwa mfupi mno, ubeti mmoja na kiitikio, mtayarishaji wao Bob Ezrin akaurudufu na kuweka watoto wa shule ya London waimbe ubeti wa pili juu ya mwendo wa disko. Sehemu ambayo dunia nzima inaikumbuka ilitokana na mahitaji ya pop, ndani ya albamu ambayo ni kisa kimoja kirefu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Tulikata utangulizi wa zeze kwenye toleo la redio na kuuacha kwenye toleo la jukwaani. Sehemu ya kinanda imebaki kwenye matoleo yote mawili, fupi, kina mama wakiendelea kuitikia chini yake. Jukwaani wimbo unaendelea mpaka kwenye chemko, na kwenye chemko tumeacha saba tukaenda nne. Pink Floyd walifanya hivyo hivyo ndani ya "Money": gitaa la David Gilmour linapoanza kutamba, bendi nzima inahamia kwenye mapigo manne. Zamani nilidhani ni kumrahisishia mpiga gitaa tu. Sasa naona kuna sababu nyingine pia, kwamba wakati ule mwimbaji amenyamaza, neno la kufuata halipo, na mchezaji anahitaji kitu kingine cha kushika.